Milango ya Stoo

Jumanne, saa kumi na nusu alasiri, Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza namba kumi na nne ya maabara ya kompyuta, akibandua chingamu kwenye soketi kwa ncha ya bisibisi. Wanafunzi wa chuo walimwita Fundi, wahadhiri walimwita Fundi, na hata binti yake wa miaka tisa, akitaka kumchokoza, alimwita Fundi. Simu ikalia mfukoni. Akaketi hapo hapo sakafuni, akasoma.

Ujumbe ulitoka kwenye kundi la Fundi na akina mama wenzake wenye watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu, ndani ya Jukwaa. Jukwaa lilikuwa mtandao ambamo watu wote walikuwamo, kwa sababu watu wote walikuwamo. Kundi lao lilikuwa na akina mama elfu tatu, na maswali na majibu ya miaka kumi na mmoja. Aliyeandika alikuwa mgeni. Alijiunga asubuhi hiyo, hakuweka jina wala picha.

"Mwanangu ana miezi minane. Wiki jana walimpima wakaniambia ni selimundu. Tangu jana mikono na miguu imevimba, akiguswa tu analia. Jirani anasema nimkande kwa barafu. Je, nimkande?"

Kundi lilikuwa na desturi yake, iliyowekwa na Shangazi, muuguzi mstaafu aliyekuwa msimamizi tangu mwanzo. Jibu la kwanza halikuwa jibu, lilikuwa swali. Kabla ya lolote, mama aliulizwa mtoto amekunywa kiasi gani leo, maana mtoto wa selimundu akipungukiwa maji maumivu huja mbio. Fundi aliijua desturi hiyo kama anavyoijua njia ya kwenda jikoni kwake. Akaandika: "Pole sana mama. Leo amenyonya mara ngapi?"

"Mara nne," Mgeni akajibu.

Fundi akaanza kuandika jibu lenyewe: "Usimkande kwa barafu, baridi inazidisha maumivu. Mfunike apate joto, mnyonyeshe kila mara, na umpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho." Alipogusa kutuma, kundi halikuwapo. Mahali pake palikuwa na mstari mmoja tu: "Kundi hili limefungwa kwa kuuza vinywaji bila kibali."

Kosa hilo walilitengeneza wenyewe. Miezi miwili nyuma mashine ya Jukwaa ilihesabu neno "damu" katika kundi, ikalikuta mara elfu arobaini na kitu, ikawaonya waache ukatili. Akina mama wakakubaliana kuandika "juisi" badala yake. Basi ikawa mtu anaandika kwamba mwanawe ni mweupe kama karatasi, juisi imeshuka, jana kaongezewa chupa mbili. Walielewana vizuri kabisa. Na mashine nayo ikaanza kuhesabu chupa.

Fundi alimtafuta Mgeni mpaka jua likazama, lakini humtafuti mtu asiye na jina ukampata. Jukwaa peke yake lilikuwa na jina la Mgeni, namba yake na mtaa wake. Fundi akaliandikia Jukwaa, akaeleza habari ya mtoto na barafu. Baada ya sekunde mbili akajibiwa kwamba maoni yake yana thamani kubwa.

Ijumaa alibeba kompyuta moja kuukuu ambayo chuo kilikuwa kimeiandika kwenye orodha ya takataka, akaiweka stoo nyumbani, kati ya ndoo na gunia la mkaa. Akapakia humo programu huria iliyotengenezwa na watu asiowajua, wengi wao wasiojuana wao kwa wao. Walikuwa wameacha barua ndani yake, kama mtu anavyoacha kikaratasi kwenye sufuria ya kuazimwa: chukua, tumia, rekebisha, mgawie mwenzako. Nyumba ni yako, sheria ni zako, ila ukitaka kuzungumza na nyumba nyingine, njia ipo. Fundi akawapigia simu wale aliokuwa na namba zao, akina mama kumi na wanane kati ya elfu tatu, akawaelekeza mmoja mmoja. Mwingine alipakia kwenye kompyuta ya dukani, mwingine kwenye simu iliyopasuka kioo.

Jumamosi asubuhi binti alikwenda stoo kuchukua ufagio, akarudi mikono mitupu.

"Mama, stoo kuna mlango."

"Stoo ina mlango siku zote."

"Mwingine."

Fundi akaenda kuuangalia. Ulikuwa mlango wa mbao, wa kawaida, wenye komeo upande wake. Akagonga. Komeo la upande wa pili likavutwa, na Shangazi akasimama pale na aproni kiunoni, nyuma yake jiko lake lote, na sufuria ya chai ikichemka. Shangazi alikaa mji ambao kwa basi ni safari ya siku mbili.

"Ingia au toka, mwanangu," akasema, "usisimame mlangoni, upepo unanizimia moto." Kisha akachungulia stoo. "He! Vumbi lote hili, na wewe unaitwa Fundi!"

Kufikia Jumapili jioni milango ilikuwa imeenea stoo nzima. Mmoja ulitokea nyuma ya gunia la mkaa, ikabidi gunia lihamishwe. Kila mlango ulikuwa na makomeo mawili, moja kila upande, na haukufunguka mpaka wenyeji wa pande zote mbili wakubali. Kwa Mama Pacha mtu alivua viatu. Kwa mama mmoja hapakuruhusiwa kuzungumzia dini ya mtu. Mwingine alianza kuuza dawa ya kuondoa selimundu kwa siku saba. Hakuna aliyekwenda kumshtaki popote. Kila mwenye nyumba alivuta komeo lake, na yule akabaki na dawa yake na kuta zake nne.

Mzee aliyempangisha Fundi nyumba alipokuja kuangalia bomba, alihesabu milango, akatikisa kichwa.

"Mkataba unasema milango minne."

"Mingine imejifungua yenyewe, mzee."

"Sawa. Lakini usiipake rangi bila kuniuliza."

Ukuta mmoja tu wa stoo, ule wa mashariki, haukupata mlango. Jumatatu, Fundi alipokuwa akifagia, ukuta huo ukazungumza. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, imechoka, inajikaza isilie.

"Mwanangu ana miezi minane," ukuta ukasema. "Jirani anasema nimkande kwa barafu. Je, nimkande?"

Fundi akaangusha ufagio, akaweka mdomo kwenye matofali. "Usimkande! Usimkande kwa barafu! Mfunike!" Sauti ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza upya tangu miezi minane. Fundi akapaza sauti mpaka ikamkauka. Baadaye akachukua nyundo na tindo, akatoboa. Upande wa pili palikuwa na uchochoro, kamba ya nguo, na jirani aliyeuliza kama kuna tatizo.

Shangazi alimkuta ameketi juu ya ndoo.

"Nilimuuliza amenyonya mara ngapi, Shangazi. Angekuwa keshajua. Nusu dakika tu, angekuwa keshajua."

Shangazi akavuta ndoo nyingine, akaketi. Aliisikiliza ile sauti mpaka mwisho wa swali.

"Desturi hiyo niliiweka mimi," akasema. "Niliiweka tukiwa akina mama ishirini na hakuna anayetufungia. Sasa naibadilisha. Kwanza tunasema kile kinachoumiza, aache. Halafu ndipo tunauliza amekunywa vikombe vingapi." Akamfuta Fundi uso kwa ncha ya aproni, kwa nguvu, kama anayefuta meza. "Kulia utalia tukimpata. Mwite Mama Pacha."

Mama Pacha alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka, mwanamke mnene mwenye unga kwenye nyusi. Alivua viatu kwa mazoea, ingawa stoo haikuwa kwake, akaweka sikio ukutani. Mgeni alipomaliza swali lake, kulikuwa na nafasi kabla hajaanza tena, na katika nafasi hiyo kitu kilinguruma kwa mbali.

"Hiyo ni mashine ya kusaga, ya mawe," Mama Pacha akasema. "Si ya nyundo. Na mkanda wake umelegea, unasikia inavyokohoa? Huyo mwenye mashine ni mzembe sana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nyamazeni nisikilize tena."

Siku hiyo hiyo wakaanza kazi. Milango ilikuwa kumi na minane, na kila mlango ulikuwa na mji wake nje. Asubuhi Mama Pacha alibeba kikapu chake cha spana, akavuka stoo ya Fundi, akaingia nyumba ya mtu, akasalimia, akatokea barabarani upande wa pili. Alitembea akisikiliza mashine za kusaga. Akina mama wa kila mji walimtangulia kwenye zahanati na kwenye visima, wakiuliza habari za mtoto wa miezi minane mwenye mikono iliyovimba. Jioni alirudi, akakuta sahani yake imefunikwa. Binti ya Fundi, ambaye wiki ile miguu ilimuuma na alilazwa kwenye mkeka pale pale stoo, chupa ya maji ya moto magotini, aliandika kwa chaki kwenye kila mlango: hapa bado, hapa hakuna, hapa ipo ya mawe lakini mkanda mzima.

Siku ya tisa, kwenye mlango wa kumi na mbili, Mama Pacha alirudi kabla ya saa nne asubuhi. Aliongozana na mwanamke kijana aliyembeba mtoto mgongoni.

"Nimemkazia mkanda yule mzembe," akasema. "Na huyu hapa."

Mgeni alisalimia watu wote kwa kuwapa mkono, kwa adabu, akakaribishwa kwenye ndoo iliyo bora. Alieleza bila haraka. Alimkanda mtoto kwa barafu siku mbili. Uvimbe ukapanda mpaka kwenye viwiko, mtoto akalia mpaka sauti ikakatika, ndipo mpita njia akamsaidia kumfikisha hospitali. Walilazwa siku sita. Sasa alikuwa hajambo. Shangazi alimpokea mtoto, akamkunja kidole kimoja kimoja kama anayehesabu, akaridhika, akamrudishia mama yake.

"Lakini kule Jukwaani hawakukujibu kabisa?" binti akauliza kutoka kwenye mkeka.

Mgeni akatoa simu, akawaonyesha. Jukwaa lilikuwa limefunga kundi lakini halikulifuta. Maswali yalibaki, kwa kuwa watu hupenda kusoma maswali. Majibu yaliondolewa, kwa kuwa yalikuwa na juisi ndani yake. Swali la Mgeni lilikuwa limesomwa na watu laki moja, na chini yake, mahali pa jibu, Jukwaa lilikuwa limeweka tangazo la friji inayotengeneza barafu haraka.

"Nimeomba waliondoe," Mgeni akasema. "Wanasema linafanya vizuri."

Wakati huo ukuta wa mashariki ukaanza. Mgeni akageuza kichwa.

"Sauti yangu hiyo," akasema, akamwekea mtoto kanga vizuri begani.

Fundi alikuwa amesimama karibu na kompyuta. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu, hata wakiwa watano, na mikono yake ilitafuta mahali pa kukaa ikapakosa. Akatoa simu. Jibu lake lilikuwa bado lipo, halijatumwa. Akalisoma kwa sauti, tangu mwanzo.

"Usimkande kwa barafu, baridi inazidisha maumivu. Mfunike apate joto, mnyonyeshe kila mara, na umpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho."

Mgeni alisikiliza mpaka neno la mwisho, ameinamisha kichwa, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

"Ahsante dada," akasema. "Nilikuwa nalingoja."

Fundi akalia kidogo, kama alivyoahidiwa. Ukuta ukauliza tena kama amkande. Ukaendelea kuuliza walipokunywa chai, na Shangazi akalazimika kupaza sauti ili aombe sukari.

Kabla ya kuondoka Mgeni alitaka kuijua ile kompyuta, ni kiasi gani na inapatikana wapi. Fundi akamwambia programu haiuzwi, kisha akampakilia kwenye simu yake na kumwonyesha taratibu namna ya kuendesha, na namna ya kuvuta komeo akimchoka mtu. Alfajiri iliyofuata mlango wa kumi na tisa ulikuwa mahali pake, karibu na dirisha. Binti aliandika juu yake kwa chaki: huyu yupo.

Jukwaa halikubadili chochote. Friji iliuzwa sana mwezi ule. Fundi alihamishia meza yake ya kazi stoo, akaweka daftari na kalamu chini ya ukuta wa mashariki, na mwanamke yeyote aliyepita kwenye milango alikaa hapo saa moja kwa zamu kabla ya kurudi kwake. Alhamisi ilikuwa zamu ya Mgeni. Alikuwa ameketi akinyonyesha, ndipo chini ya sauti yake mwenyewe, aliyokwisha kuizoea, akasikia nyingine inaanza, ya mama mtu mzima, inasema ana mjukuu wa miaka miwili na macho yamekuwa manjano.

Mgeni akainua mkono. Shangazi akaacha kuosha vikombe. Mama Pacha akavua viatu, akaja kwa ncha za vidole.

"Kengele," Mgeni akanong'ona, akiandika. "Kengele ya shule. Na kuku, kuku wengi sana."

"Wa nyama au wa mayai?" Mama Pacha akauliza.

"Nyamaza basi," akasema Mgeni, "nisikilize."