Stendi ya Upande wa Wanawake

Mwanamume akitaka kukuuzia stendi ya kamera hapa Multan, kwanza anakuonyesha urefu. Haji Basharat aliivuta yake juu, kipande baada ya kipande, mpaka ikamzidi kimo. Kisha akajishika kiuno akasimama kando yake, utadhani kaizaa yeye.

"Dada, hii futi sita," akasema. "Na nyepesi, kilo moja tu. Hata mtoto anaibeba."

Nikamuuliza kama alidhani naenda kupiga picha minara. Mimi napiga wanawake wenzangu, na wengi wao hawanifiki begani. Akacheka kile kicheko cha muuzaji, akaagiza chai, akijua sasa biashara imeanza. Chai ilipoletwa sikuinywa. Nikakiweka kikombe kimejaa tele juu ya kile kibao cha kukalishia kamera. Sakafu ya duka lake ni ya mbao, imeinuliwa kutoka barabarani, nami nikaipiga kwa kisigino mara mbili, kama tupigavyo sisi tukicheza kwenye sherehe ya hina. Miguu ile myembamba ikatetemeka, chai ikamwagikia mkono wa kanzu yake nyeupe.

Haji akaniambia kwa uchungu kwamba hakuna mtu anayeweka chai juu ya stendi. Nikamwambia hata kucheza hakuna anayecheza dukani kwake, ndiyo maana hajui anachouza. Nikatoka.

Sina simile na watu wa namna hiyo. Jina langu Tehmina, na kwa miaka kumi na mmoja nimepiga filamu za harusi upande wa wanawake, mahali ambapo mwanamume haingii. Wenzangu wa upande wa wanaume wana vijana wawili watatu wa kuwabebea vyombo. Mimi nashuka kwenye riksho peke yangu na kamera, taa na stendi, napanda ngazi peke yangu, nahama kutoka jukwaani hadi mlangoni peke yangu, kwa saa nne. Stendi nzito inanivunja mgongo. Stendi nyepesi ya kina Haji inatikisika, kwa sababu jukwaa letu ni mbao juu ya mapipa na juu yake wanapiga miguu wanawake arobaini. Kwa hiyo natafuta nyepesi isiyotikisika, na mfukoni nina rupia elfu tisa. Ukilisema hilo dukani wanakutazama kama umeomba mwezi.

Miaka yote hiyo sikuwa na stendi yangu. Nilitumia ya Ghazanfar, mwenye studio. Ghazanfar hakukodishi kwa pesa tu. Ukichukua stendi yake, kadi ya kamera inapita mezani kwake, vijana wake waikate na kuiunga filamu. Nami nilikuwa nampa, kila harusi, bila kufikiri, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Miaka mitatu iliyopita nilipiga hina ya Anbreen, binti mkubwa wa Bi Sarwat. Msichana yule alicheza siku ile, akacheza hasa, nywele zimefunguka, anajua yuko kati ya mama zake. Kadi nikampelekea Ghazanfar. Mwezi haukwisha, vipande vya ngoma ile vikawa kwenye simu za vijana vinyozini. Shemeji yake Anbreen akaviona. Ukweni walimfungia ndani nusu mwaka, na tangu hapo hajacheza kwenye harusi ya mtu yeyote. Ghazanfar alisema hajui vimetokaje. Anajua vizuri sana, yule. Na mimi najua mkono uliompa ile kadi.

Sasa alikuwa anaolewa mdogo wake, Mahrukh, na wiki moja baada ya harusi angehamia Doha na mumewe. Alikuja kwangu mwenyewe, kajifunika uso mzima, akasema kitu kimoja anachotaka kuondoka nacho ni filamu ya dada yake akicheza kwenye hina yake. Anbreen alikuwa amekubali kwa sharti kwamba hakuna jicho la mwanamume litakaloiona. Nikaapa. Lakini kaka yao, Shahroz, alikuwa anamtaka Ghazanfar apige pande zote mbili, na mama yao, ili amridhishe kila mtu, akakata shauri hivi: Tehmina achukuliwe akija na vyombo kamili vyake mwenyewe, asipokuja navyo achukuliwe mfanyakazi wa kike wa studio ya Ghazanfar. Kamera ninayo. Taa ninazo. Zilibaki siku tano na sina stendi.

Ghazanfar alizipata habari, maana mjini hapa hakuna siri inayolala. Akanipigia simu kwa sauti ya asali.

"Tehmina, mbona unahangaika madukani? Stendi ni vyuma vitatu tu. Njoo uchukue yangu, bure kabisa."

"Na kadi?"

"Kadi unajua inakuja wapi."

Nikamfyonya, nikakata simu. Bure yake hiyo naijua bei.

Duka la pili lilikuwa la kijana mmoja mwenye mafuta ya nywele mengi kuliko bidhaa. Alinionyesha stendi ya kaboni, kweli nyepesi, kweli imara, akanitajia elfu hamsini na tano. Nilipomwambia nina tisa, tabasamu likaingia ndani kama konokono. Akanitolea kijistendi cha simu. Nikamwambia napiga harusi, upande wa wanawake. Akasema basi kinatosha, filamu zenyewe nani anaziona. Nikamrudishia kijistendi chake. Mtu ambaye mama yake na dada zake ni "nani" kwake hana haja ya jibu langu.

Duka la tatu wakanipa ya alumini, bei elfu nane, yenye miguu ya vipande vitano na nguzo ya katikati ya kuinuliwa kwa mkono wa kuzungusha. Wateja huipenda hiyo nguzo, wanaizungusha dukani wakifurahi. Upuuzi mtupu. Ukiinua nguzo, kamera imekaa juu ya kijiti kimoja, na miguu mitatu uliyolipia haikusaidii kitu. Na vipande vitano maana yake kile cha chini kabisa, kinachogusa jukwaa, ni chembamba kuliko kidole changu kidogo. Nilimwomba mwenye duka aikanyage sakafu kidogo tu. Akaniambia wanawake wa siku hizi wana mambo.

Siku ya nne nikaenda soko la mitumba, kule wanakofungua marobota ya vitu vya ng'ambo na kuviuza chini juu ya turubai. Kwenye kibanda cha birika na pasi kuukuu nikaiona. Mwenye kibanda alikuwa ameifanya ya kutundikia mwavuli wake. Miguu mitatu ya alumini, minene, kila mguu vipande vitatu tu, haina nguzo yoyote katikati, na ukiivuta yote inanifika kifuani. Ilikuwa imekwaruzwa vibaya, na vifungo vya miguu vilikuwa vinalia kwa mchanga. Nikaondoa mwavuli, nikaikandamiza kwa mikono miwili na uzito wangu wote, na mimi si mwembamba. Haikupinda. Nikainyanyua kwa mkono mmoja. Haikufika kilo mbili.

"Dada, hiyo haina kichwa cha kukalia kamera," yule bwana akasema, kama mtu mwenye huruma.

"Nimezunguka siku nne kwa wenye vichwa," nikamwambia. "Sema bei."

Alisema elfu nane, nikacheka. Nikamwuliza mwavuli umelipa kodi kiasi gani. Tukamaliza kwa elfu tano na mia tano. Njiani nikanunua kichwa kidogo cha mviringo, kipya, elfu tatu, cha kawaida kabisa, ila kinabana. Nyumbani nikaifungua miguu yote, nikaisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, ukatoka mchanga wa kujaza kisahani. Kisha nikaisimamisha kwenye chumba cha juu chenye sakafu ya mbao, nikaweka kikombe cha chai, nikamwita mama arukeruke. Mama ana miaka sitini na nane. Aliruka, huku akiniuliza kama hii ndiyo elimu aliyonisomeshea. Chai ilicheza kidogo, ikatulia. Hata tone halikumwagika. Nikakaa chini nikalia, sijui kwa nini, mama akanywa ile chai.

Jumamosi baada ya alasiri nikafika kwa Bi Sarwat. Shahroz alikuwa getini, akaitazama stendi yangu, akaniuliza nimeiokota wapi. Nikamwambia sokoni, na kwamba studio anayoipenda haijui hata njia ya kufika huko. Nikapanda.

Ua wa juu ulijaa manjano na kijani, halua ya karoti, watoto, kelele. Mahrukh alikaa kwenye bembea yake, na mpakaji wa hina alikuwa ameinama juu ya mikono yake miwili, kaichora mpaka viwikoni. Nikaifungua stendi pembeni ya jukwaa, nikatundika mfuko wenye matofali mawili katikati ya miguu ili ikae chini. Shangazi mmoja akaja akatundika na mkoba wake humo humo. Nikamwacha, uzito ni uzito.

Anbreen alikuja akasimama nyuma yangu. Hakunisalimu.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Na kadi inakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wako. Mkononi mwake, leo leo."

"Siku yangu hukuniambia inakwenda wapi."

"Siku yako hukuniuliza."

"Nilidhani hakuna haja," akasema.

Hilo lilinichoma, na lilikuwa haki yangu. Nilitamani aniseme zaidi, lakini alikuwa amekwisha nipa mgongo. Alivua viatu, akapanda jukwaani, wanawake wakaanza kupiga makofi. Mwanzo alicheza kama mtu anayekanyaga vioo. Kisha akamtazama Mahrukh, akafungua nywele. Mbao zilinguruma, mapipa yakaitikia, na wanawake wengine wakapanda kumzunguka wakipiga miguu kwa nguvu zao zote. Mimi nilikuwa nimeondoa mikono kwenye kamera. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilikuwa imetulia tuli, Anbreen katikati, dakika saba nzima. Sijawahi kupiga kitu kizuri kama kile, na nasema bila kujionea haya.

Kabla ya magharibi Bi Sarwat akanijia, macho pembeni. Akaniambia Ghazanfar yuko getini na kadi za upande wa wanaume. Shahroz amepatana naye aziunge zote ziwe filamu moja, kwa hiyo nitoe yangu, mwanangu, tusiharibu siku.

"Mama, mliniambia nije na vyombo vyangu," nikasema.

"Na umekuja navyo, Mungu akubariki. Ila kadi ni yetu. Shahroz anapanda sasa hivi."

Siku nne za kudharauliwa na kila muuza vyuma, na huyu mama, aliyekaa nusu mwaka akimsikiliza binti yake akilia kwenye simu, anaizungumzia kadi kama sahani ya wageni. Nilimdharau, wallahi, na nikajidharau mimi na miaka yangu kumi na mmoja. Nikaitoa kadi kwenye kamera. Nikampita nikaenda kwenye bembea, nikamwambia Mahrukh kwa sauti ya chini kaka yake anakuja kuichukua.

Mikono yake ilikuwa imelowa hina mpaka viwikoni, hawezi kushika hata leso. Aliitazama mikono ile, akaniangalia.

"Nitie mdomoni," akasema.

Nikamtia. Akaisukuma kwa ulimi mpaka shavuni.

Shahroz aliingia ameinamisha macho, wanawake wakavuta mitandio. Akaninyooshea kiganja. Nikamwambia kadi nimeshampa mwenye sherehe.

"Mahrukh, iko wapi?"

Mahrukh akainamisha kichwa, kama inavyompasa bi harusi. Shahroz akauliza tena kwa ukali, na mashangazi wakamvamia kwa maneno: tangu lini bi harusi anasemeshwa kwenye hina yake, amekosa adabu, hata aibu hamwonei msichana wa watu. Bibi mmoja akamsukuma kwa fimbo.

Bi Sarwat alikuwa analitazama shavu la binti yake lilivyovimba upande mmoja. Kisha akamtazama Anbreen, ambaye alikuwa bado hajafunga nywele, na uso wake ulikuwa umekwisha rudi kama wa siku zile alipofungiwa ndani.

"Shahroz," akasema, "toka. Huku ni kwa wanawake. Na huyo mtu wa getini mwambie aende, hakuna cha kuunga."

Shahroz akatoka. Anbreen akaja akakaa kwenye bembea, akamwekea mdogo wake kiganja chini ya kidevu, ateme. Mahrukh akatikisa kichwa. Aliibana vile vile, machozi yanamshuka na mikono ameinyoosha mbele isiguse kitu, mpaka tuliposikia pikipiki ya Ghazanfar inaondoka.