Bei ya Kuanzia

Tangu Mama Dufie avunjike nyonga, kibanda chake cha vitambaa pale soko la Kejetia kilikuwa kimefungwa, naye kazi yake ilikuwa kulala akitazama ukuta. Binti yake Birago, fundi wa programu, alikuja kutoka Accra na kompyuta yake, akamfungulia duka la mtandaoni. Alipiga picha kila kitambaa, akamuuliza mama bei, akajaza. Kisha akawapasha habari wateja wote wa zamani. Wakaja, wakatazama. Hakuna aliyenunua hata yadi moja.

"Wamenisahau," mama akasema. "Ukishaanguka kitandani, ndiyo basi tena."

Maneno hayo yalimchoma Birago. Akampigia Bi Konadu, aliyekuwa akinunua kwa mama tangu wakiwa wasichana.

"Mwambie mama yako roho imekuwa ngumu siku hizi!" Konadu akafoka. "Sedi mia tano kwa kitambaa kile? Na pa kumwambia apunguze hakuna! Kwani mimi mpita njia?"

Hapo Birago akaelewa. Mama alipoulizwa bei alikuwa amejibu kama alivyojibu maisha yake yote: bei ya kuanzia, ile inayotajwa ili mteja ashike kifua, acheke, ajifanye anaondoka, aitwe arudi. Hakuna aliyewahi kuilipa. Na yeye Birago, mtoto aliyekuwa akilala usingizi wa mchana chini ya meza ya kibanda hicho, akaichukua na kuipigilia misumari! Alijionea haya.

Akaanza upya. Kila kitambaa akakipa bei mbili: ya kuanzia, inayoonekana, na ya mwisho, iliyofichwa. Kati ya hizo mbili akaweka kitufe cha "Punguza, Mama", kinachopigia simu iliyo kando ya mto wa mgonjwa. Halafu yakaja makundi ya wateja, kila kundi na punguzo lake.

"Nitajie, mama."

"Wageni. Watu wangu. Waliofiwa, hao usiwachoshe na mabishano, wape ya mwisho moja kwa moja. Wenye maringo, waongezee."

"Programu haimjui mwenye maringo."

"Basi haiijui biashara."

Wa kwanza kubonyeza alikuwa Konadu.

"Mia mbili!"

"Mia mbili? Konadu, nimevunjika nyonga, sikuvunjika akili!"

Mama akajiinua kwa kiwiko. Akabishana, akaapa, akatishia kukata simu. Walipoafikiana alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Birago hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu ajali. Aliinamia kompyuta ili asionekane analia.

"Kundi moja umelisahau," mama akasema, simu ilipokatika. "Binti yangu."

"Haya. Yeye bei gani?" Vidole vilikuwa tayari.

"Akae na mimi kidogo. Tangu uje, macho yako yako kwenye hicho kioo tu."

Birago akajaribu kucheka. "Hapa panataka namba, mama."

"Mimi sikutaja namba."

"Na haipungui?"

Mama Dufie, ambaye hakuna bei aliyowahi kuitaja asiipunguze, akamtazama binti yake.

"Hiyo haipungui."

Birago akafunga kompyuta. Akavua viatu, akapanda kitandani upande wa nyonga nzima, na mama akamsogezea mto.