Bolti za Bibi Harusi

Saa tatu na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya ndoa yake, mchoraji wa karakana aliketi mbele ya kompyuta akiwa ndani ya gauni jeupe lenye vifungo ishirini na sita mgongoni. Shangazi yake, aliyevifunga vifungo hivyo kimoja kimoja, alisimama mlangoni akichezesha funguo za gari.

"Dakika tano tu, Shangazi."

"Tano zako nazijua! Hata kuzaliwa ulichelewa wiki mbili."

Mkasa wenyewe aliuleta fundi mkuu, ambaye karakana nzima humwita Spana. Mabati ya mashine ya kupukuchua mahindi yalikuwa yatobolewe asubuhi ile ile, naye alikuwa amegundua kwamba stoo haina bolti za milimita kumi na mbili; zilizopo ni za kumi. Mchoro ulikuwa na bolti mia moja arobaini na nane, na mwenye kujua kuurekebisha alikuwa mmoja tu.

"Mia moja arobaini na nane!" Shangazi alishika kichwa. "Basi bwana harusi na aoe bolti."

Programu ile ya kuchorea ilikuwa ya kawaida, ya kuchora chochote kuanzia nyumba hadi kabati. Haikujua bolti ni kitu gani. Kwa hiyo mwaka uliotangulia, huku Spana akimtania kwamba anakusanya kokoto, mchoraji alikuwa amechora kila kipuri cha kawaida mara moja tu, bolti pamoja na tundu lake, nati, beringi, akavihifadhi katika jalada aliloliita maktaba. Kila bolti mchoroni ilikuwa kivuli cha ile moja. Ukiigusa ya asili, vivuli vyote hutii.

Akaifungua ya asili, akafuta kumi na mbili, akaandika kumi. Kwa haraka aliyokuwa nayo, kidole kikabonyeza sifuri mara mbili.

Kioo kikafurika. Bolti mia moja arobaini na nane, kila moja nene kama ndoo, zikaimeza mashine nzima.

"Mama yangu!" Spana aliruka nyuma. "Hiyo itapukuchua mahindi au itapukuchua nyumba?"

Bibi harusi akacheka hadi akaegemea meza. Kifungo kimoja kikaachia mgongoni, kikafuatwa na kingine, kisha vikaachia kwa mafungu.

"Usicheke! Pumua kidogo kidogo!" Shangazi alilia, naye mwenyewe akicheka.

Akiwa na machozi machoni, bibi harusi akafuta sifuri moja. Bolti zote zikanywea kwa pamoja, kila moja ikakaa mahali pake. Spana akalinganisha mchoro na bolti aliyokuwa nayo mfukoni, akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akauchomoa kwenye printa ungali na joto, akamkabidhi mchomeleaji aliyesubiri kutoboa mabati.

"Spana, endesha wewe," Shangazi akamrushia funguo. "Mimi nina kazi nyuma."

Garini akahesabu: vifungo kumi na tisa wazi.

"Bolti zote zile umezibadili kwa kidole kimoja. Haya, niambie nikiguse kipi hapa vitii vyote?"

"Hivyo havimo kwenye maktaba, Shangazi."

"Basi inama."

Saa nne kasoro dakika mbili Shangazi alikuwa amebakiza vitatu, na jengo la ndoa likaonekana.

"Lakini kweli," Spana akasema kutoka kwenye usukani, "ingepukuchua nyumba."

"Wewe mzee, nyamaza!"

Akachelewa; bibi harusi alishacheka. Vilivyo wazi vikawa saba.