Majani Chini ya Avokado

Tangu asubuhi kontena la baridi lilinguruma pale Kanyakine, na bado namba kwenye kioo chake ilikataa kushuka. Nyuzi ishirini na moja. Ilitakiwa iende mpaka sita. Dereva alikuwa ameshasema: saa kumi ikifika kabla haijaanza kushuka, avokado zote zitateremshwa, naye atarudi Mombasa mtupu.

Kathure hakuweza hata kuketi. Ni yeye aliyezunguka nyumba thelathini akiwasihi watu wasiwauzie mabroka, wale madalali wa bei ya chini, wangoje kontena. Walimwamini. Sasa walikaa kando ya ukuta wakimtazama, na jirani asiyesema neno ni mzito kuliko anayetukana.

Fundi alitoka Embu, msichana mwembamba aitwaye Lydiah, kofia ya sufu kichwani utadhani anaenda kuchuma chai. Wazee wakatazamana. Huyu? Lakini aliifungua ile mashine ya kupoza kama mtu anayefungua kabati lake mwenyewe. Akapima gesi, akasikiliza kompresa, akagusa mabomba moja moja, kisha akafunga.

"Mashine iko sawa," akasema. "Nifungulieni mlango."

Akapiga magoti, akapenyeza kiganja kwenye mifereji ya chuma inayopita sakafuni chini ya makreti. Akapapasa. Kisha akavuta kitu: jani la mgomba.

"Nani aliweka hii?"

Kathure akalitambua. Baba yake alikuwa mkulima wa miraa, na miraa hufungwa kwa majani ya mgomba isinyauke. Alfajiri, kwa mapenzi tu, alikuwa ameitandika majani hayo sakafu nzima ya kontena. Angeweza kunyamaza, wapakiaji walikuwa wengi.

"Ni mimi, fundi. Mimi peke yangu."

Lydiah hakumkaripia. "Baridi ya hii kitu inatokea chini, mama. Imepuliza tangu asubuhi. Ilikosa tu njia."

Watu wakainuka bila kuambiwa. Makreti yakatoka, majani yakatoka, makreti yakarudi. Saa tisa na nusu: kumi na tisa. Kumi na saba. Dereva akaenda kutafuta funguo zake.

"Njoo usikie," Lydiah akasema mlangoni.

Kathure akavua viatu, akapanda. Upepo ulikuja mwembamba, baridi ajabu, umepita chini ya makreti ya jirani yake Naftaly, ya mjane Gatakaa, ya kila nyumba, bila kubagua, mpaka kwenye nyayo zake.

"Mwathani, Bwana wangu," akanong'ona, machozi yakimtoka. Akasimama papo hapo, viatu mkononi, mpaka dereva alipomwomba kwa upole ashuke.