Kava la Mbugu

Sijawahi kutamani ardhi ipasuke inimeze kama Jumamosi ile pale Hamugembe.

Mume wangu, Ta Kahigi, amepiga enanga, ala yetu ya nyuzi, tangu ujana wake, na mpaka mwaka huu hakuwa na albamu hata moja. Kwa hiyo siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa: watu wa Izimbya, watu wa Kaagya, hata ndugu zake wa Muleba, wale wasiokosa la kusema. Kava alilitengeneza mjukuu wetu Joyness, aliyekulia Dar es Salaam akasomea ubunifu hukohuko. Alikataa tulione mpaka siku yenyewe. Anapenda kushtukiza watu, na kweli tulishtuka.

Akafungua boksi. Kila sidii ilikuwa imeshonewa mfuko wa mbugu, kile kitambaa cha gome la mti, na juu yake uso wa babu yake umechapwa kwa wino mweusi.

Jamani, mbugu. Kwetu anayeviringishwa mbugu ni maiti. Joyness ameziona zimeshonwa mikoba ya kuuzia wageni, akadhani ni pambo. Na babu yake ametoka hospitali juzi tu.

Wifi yangu Alistidia akajifunika kanga usoni. Mwanamke mmoja wa Muleba akairudisha yake mezani kwa ncha za vidole. Mimi uso uliniwaka, na kwa hasira niliyokuwa nayo ningemnasa yule mtoto kibao mbele ya kipaza sauti. Alistidia akamnong'oneza Joyness maana ya mbugu, na tabasamu likamwisha.

Mume wangu akainuka, akachukua moja, akaibana kifuani.

“Mbugu niliiagiza mimi,” akasema. “Siku yangu ikifika, nataka nizikwe na nyimbo zangu. Huyu mtoto ametii tu.”

Hakuagiza chochote, ningejua. Lakini watu walipiga makofi, wakapanga foleni kununua, na Joyness akalia palepale mezani. Mimi nikabaki na aibu nyingine, kwa sababu wazo la kumtetea mjukuu wangu halikunijia hata kidogo.

Nyumbani mume wangu akanipa ile moja, akaniambia niitunze. Nikamwambia aache utani, ameshamwokoa mtoto, yatosha.

“Nilianza kwa uongo, Georgina,” akasema. “Nilipofika katikati nikaona ndivyo ninavyotaka.”

Nikaiweka sandukuni, chini kabisa ya nguo zangu, nisiwe naiona.