Swali la Kumi na Nne

Hivi jamani, fulana inaweza kumgeuza mgonjwa kitandani? Gwantwa alikuwa akijiuliza hivyo tangu mwaka jana, na hasira zake hazikuwa zimepoa hata chembe.

Mwaka jana watafiti wa matunzo ya wazee walifika Ibaba na vishikwambi vyao. Swali la kumi na nne lilikuwa hili: "Nani anakuhudumia kila siku?" Bibi Ketrina, mama mkwe wa Gwantwa, ambaye miguu yake ilikufa ganzi miaka sita iliyopita, akajibu bila hata kukohoa: "Mwanangu Gasper, yuko Tunduma."

Gasper! Mtu anayeonekana Krismasi tu, tena na gari la kuazima, anachinjiwa kuku, anaondoka na gunia la maharage. Ikaandikwa hivyo hivyo. Mradi ukamwita Vwawa kwenye mafunzo ya wahudumu wa wazee, akalala gesti siku tatu, akapewa cheti na fulana iliyoandikwa "Namtunza Mzazi Wangu". Picha akamtumia Gwantwa. Ati anamsalimia shemeji!

Anayembeba bibi, anayemwogesha, anayemlisha, ni Gwantwa, mjane wa Tumpale, kaka yake Gasper. Mgongo umemwisha. Daktari kamkataza kunyanyua vitu vizito, kana kwamba bibi atajinyanyua mwenyewe. Sasa mradi ulikuwa unagawa wasaidizi wa kuja nyumbani siku mbili kwa wiki, na orodha ilikuwa inafungwa leo, baada ya maswali yale kurudiwa nyumba kwa nyumba. Kaya yao haikuwamo. Mhudumu wao, walisema, ana nguvu na ameshapata mafunzo.

"Mama, leo sema ukweli," Gwantwa alimsihi asubuhi ile. Bibi akageuzia uso ukutani.

Saa nne akaingia Brenda, mtafiti, binti mpole mwenye koti zito. Akaamkia, akakaa kwenye kigoda, akauliza maswali yake yote mpaka la kumi na nne.

"Gasper," akasema bibi.

Gwantwa alihisi damu ikimpanda kichwani. "Haya! Mpigieni basi huyo Gasper aje!" Akachukua jembe, akatoka, akaubamiza mlango. Shambani hakufika. Alisimama nyuma ya jiko, akisikia kila neno kupitia ukuta wa mbao.

Haikupita muda, bibi akamwambia Brenda kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimelowa."

Brenda akapiga simu Tunduma. Gasper alikuwa mpakani, ana mzigo, aliomba wamvumilie mpaka wiki ijayo. Brenda akakata simu. Akamshika bibi mkono, akauvuta. Bibi akapiga yowe.

Gwantwa aliingia mbio. "Usimvute mkono! Unataka kumvunja? Pita huku, shika miguu. Siyo hapo, kwenye magoti!" Akapitisha mikono chini ya mabega ya bibi, akauma meno, wakamgeuza. Shuka lilikuwa chapachapa. Brenda alikuwa anahema, na alikuwa ameshika miguu tu.

"Kila siku mara ngapi?" aliuliza.

"Mara sita. Usiku mbili."

Bibi akaanza kulia. "Nikisema mwanangu kanitupa, na watu wakasikia, uso wangu nitauweka wapi?"

"Uso huo nauosha mimi kila asubuhi, mama!" Gwantwa alisema. "Miaka sita! Kwa kumfichia Gasper aibu yake, mimi ndiye nimefutwa. Mimi si mtu?"

Gwantwa alivuta shuka lile, akalitupa kwenye beseni, akatandika jingine upande wa nyuma ya bibi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Andika upya," bibi akasema.

"Nimwandike nani, bibi?"

"Huyu."

"Huyu ana jina," akasema Gwantwa.

Bibi alifumba macho. Kwa miaka yote alikuwa akimwita mkamwana tu.

"Gwantwa," akasema. "Gasper hanihudumii. Gwantwa ndiye ananihudumia."

Brenda akataka kuinuka akachukue kishikwambi.

"Usiachie hiyo miguu!" Gwantwa akamkemea. "Tumalize kwanza hapa. Ukiandika, nitasimama nyuma yako nisome."