Mkono Chini ya Kidevu

Wewe, mlangoni pako pamebandikwa nini? Kule mjini Drenovo, mlango usio na karatasi ya marehemu ni mlango wa nyumba mpya. Mtu akifa, picha yake huchapwa ndani ya fremu nyeusi, ya Mwislamu huwa ya kijani, na chini yake huandikwa wanaomlilia. Kisha hubandikwa mlangoni, kwenye nguzo za taa na kituo cha basi. Siku ya arobaini hubandikwa nyingine, mwaka ukitimia nyingine, wala hakuna mtu anayezibandua. Hiyo ni kazi ya mvua.

Mchapaji alikuwa Zdravka, katika kibanda chake mkabala na kanisa. Watu humletea picha waliyo nayo, na mara nyingi ni ile ya harusini, marehemu kashikwa bega na mtu mwingine. Kazi ya Zdravka ilikuwa kumtoa huyo mwingine. Kompyuta yake ilikuwa na kitufe cha ufutio: ukimpitishia mtu kipanya, mtu anaondoka, na ukuta wa nyuma unajaza mahali pake kana kwamba hapakuwahi kusimama kiumbe. Alikwisha kufuta mashemeji, wake wa kwanza, mbwa, na bilauri nyingi za rakia, ile pombe kali ya matunda.

Jumatatu moja ya Septemba, mji mzima ukinukia pilipili hoho za kuchoma, Zdravka aliweka kahawa yake juu ya mashine, akawasha kompyuta, akakuta programu imejisasisha yenyewe. Rangi zilikuwa mpya. Mahali pa ufutio palikaa kitufe cha kutuma maua yanayocheza.

Akawapigia simu wenye programu. Kijana mmoja akamjibu kwa upole.

"Tumekiondoa, mama. Waliokitumia walikuwa wachache."

"Mimi nakitumia kila siku."

"Ndiyo, mama. Wewe ni mmoja wa hao wachache."

"Na nilivyokwisha kuvifuta?"

"Hivyo vimerudi vilipokuwa," kijana akasema, akamtakia siku njema.

Vilikuwa vimerudi kweli. Kahawa haijapoa, akaingia Vela, mjane wa Gancho mfuga nyuki, na aproni yake ina madoa ya pilipili.

"Zdravka we! Shemeji yangu amerudi mlangoni kwangu."

"Ni programu, Vela. Wameibadilisha."

"Mimi na programu hatujuani. Nilikwambia umtoe yule mlevi, ukamtoa. Leo kasimama ubavuni mwa marehemu na bilauri yake. Asubuhi ilikuwa imejaa, sasa iko nusu."

"Hatoki pale, usihofu."

"Atoke aende wapi? Nauliza tu, ikiisha nimwongezee au nimwache?"

"Mwongezee kidogo. Ni msiba."

Vela akaona ni maneno ya haki, akaenda zake. Zdravka alibaki ameshika kikombe. Alikuwa amemkumbuka mama yake.

Mwaka wa mama ulikuwa umetimia wiki iliyopita, na karatasi zake zilikuwa mji mzima. Picha ilipigwa majira ya baridi ya mwisho: bibi kizee kakaa dirishani, skafu safi, kidevu juu. Shingo yake wakati huo ilikuwa haishiki tena kichwa. Aliyekishika ni Tsonka, mdogo wake Zdravka, kwa mkono wa kulia chini ya kidevu. Tsonka ndiye aliyemlisha mama, akamwogesha, akamgeuza kitandani miaka yote ile, ng'ambo ya daraja, mwendo wa kumaliza tufaha moja. Zdravka alikuwa akisema atakwenda Jumapili. Jumapili ikifika husema wafu hawangoji.

Mkono ule pichani ulimuuliza Zdravka alikuwa wapi, akaufuta. Kisha chini akaandika: *Anakulilia binti yako, Zdravka.* Binti mmoja. Watu walimpa mkono kanisani, wakala ngano yake ya msiba, ya kuchemsha yenye sukari, wakasema, "Mama yako alikwenda kichwa juu." Naye akaitikia ahsante.

Sasa akajifunga kitambaa kichwani, akapita uchochoroni hadi nguzo ya taa iliyo mbele ya duka la mikate. Bibi Minka, kikongwe wa mtaa huo, alikuwa pale na mkate kwapani, anasoma.

Mkono ulikuwa umerudi. Ulikuwa na kovu la kisu kwenye kidole cha shahada, na kila baada ya muda kidole gumba kilipanda kikamfuta mama pembe ya mdomo.

"Ni Tsonka huyo," Bibi Minka akasema.

"Ni yeye, bibi."

"Sisi tulijua. Alikuwa akija kununua mkate huku kaukunja mkono hivi, hata kukunjua hawezi. Tulikuwa tukingoja tu uandike."

Masikio ya Zdravka yalipata moto. Akatoa gundi na kipande cha karatasi nyeupe, akaufunika mkono. Kichwa cha mama kikaanza kulala, taratibu, hadi skafu ikateleza.

"Toa, mwanangu," Bibi Minka akamwambia bila kupandisha sauti. "Ataumia shingo."

Akatoa. Mkono ukakiinua kichwa, ukaiweka skafu sawa. Zdravka akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya karatasi, palepale chini ya kidevu, akangoja. Ilikuwa karatasi tu, baridi, na mama hakumwegemea.

"Haya," Bibi Minka akasema, "mimi supu yangu iko jikoni."

Zdravka akavuka daraja. Kila nguzo mama yuko, kila nguzo mkono uko, na waliokuwa wakipita walisoma, wakamwangalia, wakamsalimu kwa heshima kama siku zote. Heshima hiyo ndiyo iliyomchoma.

Tsonka alikuwa uani kando ya beseni, anamenya pilipili za kuchoma kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala mapajani.

"Karibu, dada. Usinitazame hivyo. Mkono huu umekuwa mzito tangu alfajiri, hauinuki."

"Uko kwenye nguzo."

"Nimesikia. Nguzo zote?"

"Zote. Na kituo cha basi."

"Ndiyo maana."

Zdravka akavuta kigoda, akaanza kumenya. Ngozi nyeusi zilimganda vidoleni. Nje ya uzio palikuwa na nguzo, na mama alikuwa pale, anatazama upande wao, kidevu juu.

"Nitachapa nyingine," Zdravka akasema. "Nitaandika *mabinti zako*. Jina lako nitaliweka kabla ya langu."

"Weka."

"Nitaomba msamaha mbele ya kanisa zima, ukitaka."

"Utawachelewesha watu."

"Basi niambie, Tsonka. Ulitaka nini kwangu?"

Tsonka akatoa mbegu kwenye pilipili, moja baada ya nyingine, akaitupa bakulini. Mkono mapajani ukatikisika kidogo. Kule nguzoni kidole gumba kikapanda, kikamfuta mama mdomo.

"Nilitaka uje Jumapili moja, dada," akasema. "Umshike wewe, nami nilale."